Plastiki ya mmea Mombasa: PLA, polietilini ya miwa, wanga wa muhogo au nyuzi za mkonge?

Katoni ya kwanza tuliyoifungua ilipaswa kuwa na vikombe elfu moja. Tulichokikuta ni vitu vilivyolegea, vimeshikana na kukunjamana kama mahamri yaliyokaliwa. Kontena lilikuwa limekaa juani siku kadhaa mwezi wa Februari, na jua la kaskazi mtu wa Mombasa haelezwi. Aliyetuuzia hakusema uongo hata neno moja: vikombe vilitokana na mahindi kweli, na cheti cha kuoza alikuwa nacho. Sisi ndio hatukuuliza vinalainika kwa joto la kiasi gani. Ni nyuzi 55 hadi 60 hivi za Selsiasi, joto ambalo sanduku la chuma lililofungwa juani hulifikia bila taabu.

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza atie pesa kwenye "plastiki ya mmea" au asitie, humrudishia swali: ipi? Maana jina ni moja na vitu ni vingi. Iko inayotokana na miwa na haiozi kabisa. Iko inayooza lakini imepikwa kwa mafuta ya petroli. Na iko inayooza vizuri ndani ya kituo cha mboji Ulaya, ila ukiitupa kwenye jaa la Mwakirunge utaikuta palepale mwakani. Muuzaji hupenda kuyachanganya haya. Mnunuzi mwenye busara huyatenganisha kabla ya kufungua pochi.

Soko lenyewe bado ni changa. Dunia hutengeneza zaidi ya tani milioni 400 za plastiki kwa mwaka, na plastiki za mimea pamoja na zile zinazooza hazifiki hata asilimia moja. Mwenye matumaini ataona nafasi. Mwenye madeni atakumbuka kwamba mshindani wake ni mafuta, na bei ya mafuta haina rafiki: katikati ya 2014 pipa lilikuwa zaidi ya dola 100, mwanzoni mwa 2016 likashuka chini ya 30. Aliyejenga kiwanda akitarajia mafuta kubaki ghali alijuta.

Kwanza: utapika au utapakua?

Nayaita hivyo kwa urahisi. Kupika ni kutengeneza resini, yaani plastiki ghafi yenyewe, kutoka kwa sukari au wanga. Kupakua ni kununua punje zilizokwisha kutengenezwa na kuziunda kuwa kikombe, mfuko au ndoo. Viwanda vingi vya plastiki vya Changamwe, Jomvu na Mariakani vinapakua, na sioni aibu yoyote hapo.

Anayetamani kupika aanze na hesabu ya kemia, ambayo haibembelezeki. Kilo 100 za sukari ya glukosi zikichachushwa kuwa asidi ya laktiki, kisha asidi hiyo ikaungwa kuwa PLA (ndiyo plastiki ya vile vikombe vyetu), huwezi kupata zaidi ya kilo 80. Sukari hiyohiyo ukiigeuza ethanoli, kisha ethilini, kisha polietilini, ile plastiki ya jerikani, dari ni kilo 31. Zilizobaki zimeondoka kama hewa ya kaboni na maji. Ukiwalisha bakteria watengeneze PHA (plastiki inayojengwa ndani ya miili yao) ya aina ya kawaida, dari ni kilo 48 hivi, na kiwandani hupungua. Hayo ni kabla ya umeme, wafanyakazi na hasara za mitamboni. Sasa chukua bei ya gunia la sukari pale Kongowea uendelee mwenyewe.

Vigezo nilivyotumia

Kila chaguo nimelipitisha kwenye maswali yaleyale: malighafi inatoka wapi na nani mwingine anaitaka, mashine uliyonayo itaikubali, itastahimili joto na unyevu wa pwani, ikishatumika inaishia wapi, na nani atalipa tofauti ya bei. Sheria nimeiweka kando kwa sababu inawagusa wote.

PLA, ile "ya mahindi"

*Malighafi.* Kiwanda kinachojulikana zaidi kiko Blair, Nebraska, cha kampuni ya NatureWorks, chenye uwezo wa tani 150,000 kwa mwaka kutokana na mahindi. Kingine kiko Rayong, Thailand, cha TotalEnergies Corbion, tani 75,000, kinatumia miwa na kilianza 2018. Kiwanda cha ukubwa wa Rayong kikifanya kazi kikamilifu kitameza karibu tani laki moja za sukari kila mwaka. Kenya haijitoshelezi kwa sukari ya chai. Hapa pwani kiwanda cha zamani cha sukari cha Ramisi kilikufa miaka ya 1980, na hiki kiwanda kipya cha Kwale kina wateja wake tayari. Kwa hiyo kupika PLA Mombasa kwa sasa ni ndoto ya mwenye mtaji wa kuagiza sukari kwa meli, na huyo hahitaji makala haya. Kupakua ni jambo jingine. Punje zinaingia Kilindini kama mzigo wowote.

*Mashine.* Mashine za kalibu na zile za kufinyanga vikombe kutoka kwenye shiti zinaweza kuifanya kazi hii, lakini usinunue punje kabla ya kununua kikaushio. PLA ikiyeyushwa na maji ndani yake, minyororo yake hukatika na bidhaa hutoka dhaifu kama biskuti. Kiwango kinachotakiwa ni maji yasiyozidi gramu moja katika kilo nne za punje. Kwa hewa yetu, gunia likiachwa wazi usiku mmoja tu limeshakunywa. Ile pipa ya hewa moto mnayotumia kwa polipropilini haitoshi. Utahitaji kikaushio kinachoondoa unyevu kwenye hewa yenyewe, na hiki ndicho gharama ambayo mipango mingi ya biashara niliyoonyeshwa imeisahau.

*Joto.* Sharubati, maji ya ukwaju, madafu yenye barafu: safi, na kikombe kinang'aa kama kioo. Chai ya maziwa au mbaazi za nazi kutoka jikoni: usijaribu. Iko PLA iliyopitishwa kwenye joto maalumu ikawa na fuwele, nayo hustahimili vinywaji vya moto, ila hukaa zaidi kwenye kalibu, na mashine inayotoa vikombe vichache kwa saa ni pesa inayovuja.

*Mwisho wake.* Inahitaji mboji ya kiwanda yenye joto la nyuzi 58 au 60 hivi. Kipimo cha Ulaya, EN 13432, kinataka asilimia 90 ya kaboni yake igeuke hewa ndani ya miezi sita katika hali hizo. Baharini ni hadithi nyingine: watafiti wa Taasisi ya Scripps, California, waliiweka kwenye maji ya bahari zaidi ya siku 400, na mwaka 2023 wakaripoti kwamba haikuonyesha dalili ya kuoza. Kwa mji wa kisiwa, hilo lipewe uzito wake.

*Bei na anayefaa.* Kwa kawaida ni kama mara mbili ya polietilini, hupanda na kushuka. Inamfaa mwenye mteja wa vinywaji baridi anayekusanya vyombo vyake mwenyewe baada ya matumizi: hoteli yenye bustani na mboji, ukumbi wa mikutano, meli ya watalii. Haimfai muuzaji wa rejareja wa Marikiti ambaye kikombe kikishatoka dukani hakijui kiendako.

Polietilini ya miwa

Hii ndiyo rahisi kuieleza na ndiyo inayoeleweka vibaya kuliko zote. Braskem ya Brazil ilianza kuitengeneza Triunfo mwaka 2010, tani 200,000 kwa mwaka kutokana na ethanoli ya miwa, na baadaye ikapanua hadi 260,000. Kikemia ni polietilini ileile ya jerikani lako. Mashine hazihitaji kuguswa, fundi hahitaji kufundishwa, joto la pwani haliijui. Kinachobadilika ni asili ya kaboni tu, na maabara inaweza kuithibitisha kwa kupima kaboni 14: ya mmea inayo, ya mafuta ya kale haina. Omba karatasi ya kipimo hicho kabla ya kulipa, maana kwa macho na kwa mkono hakuna atakayezitofautisha.

Haiozi. Ikiishia Tudor Creek itakaa sawa na nyingine yoyote. Lakini inasagwa na kurejelezwa pamoja na polietilini ya kawaida, na vijana wanaookota plastiki wataichukua bila kuuliza, jambo ambalo PLA haiwezi kusema. Punje chache za PLA zikiingia kwenye mzigo wa chupa za PET, zile za maji na soda, huuharibu.

Kuipika hapa? Muhoroni wanapika ethanoli ya molasi tangu zamani, lakini inagombaniwa na watengenezaji wa vinywaji na wa sanitaiza, na unahitaji zaidi ya tani moja na nusu ya ethanoli kwa tani moja ya polietilini. Watengenezaji wa vinywaji hulipa vizuri kuliko watengenezaji wa ndoo. Wataendelea kulipa vizuri.

Anayelipa tofauti ya bei ni kampuni ya nje inayotaka kupunguza hesabu yake ya kaboni. LEGO, kwa mfano, tangu 2018 hutengeneza vijani na miti yake midogo kwa plastiki hii. Kama unafungasha chai, maua au parachichi za kwenda Ulaya na mnunuzi wako ameuliza kuhusu kaboni, anza hapa. Kama wateja wako wote wako Likoni, hakuna atakayekulipa kwa kitu kisichoonekana.

Wanga wa muhogo

Hapa ndipo wengi wa pwani huangaza macho, nami nikiwa mmoja wao, kwa hiyo unisome kwa tahadhari.

*Malighafi.* Muhogo unao, Kilifi na Kwale, na kituo cha utafiti cha Mtwapa kimetoa mbegu kama Tajirika na Shibe zinazovumilia maradhi yaliyowasumbua wakulima. Robo hivi ya uzito wa mzizi mbichi ni wanga. Shida mbili. Muhogo ukishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili tatu, kwa hiyo kinu cha wanga lazima kiwe karibu na shamba, na lori lisiloharibika njiani. Ya pili ni kwamba unashindana na tumbo. Bei yako ya muhogo haitapangwa na soko la plastiki. Itapangwa na mama anayekaanga kachiri pale Lighthouse. Yeye analipa taslimu, na anachagua mizizi mizuri.

*Mashine.* Wanga mkavu hauyeyuki kama plastiki. Hukandwa na gliserini kwenye skrubu yenye joto mpaka ulainike, kisha huchanganywa na plastiki nyingine inayooza ili upate shiti isiyochanika. Mara nyingi mwenzake huyo ni PBAT, ambayo kwa kawaida hutokana na petroli. Basi mfuko wa "muhogo" mara nyingi ni nusu muhogo au pungufu, na muuzaji mwaminifu atakuambia kiasi. Mashine ya kupuliza mifuko inaweza kutumika, kwa joto la chini na uangalifu zaidi. Ukizidisha moto karakana yote itanuka mkate ulioungua.

*Joto na unyevu.* Hapa ndipo unapoumwa. Wanga unapenda maji. Masika mfuko hulegea, kiangazi hukakamaa na kupasuka kwenye mkunjo. Kuweka akiba ya mwaka mzima godauni ni kutafuta hasara. Tengeneza kwa oda, uza kwa miezi.

*Mwisho wake.* Kati ya yote niliyoyataja hadi sasa, huu ndio unaooza kwa urahisi zaidi, na baadhi ya michanganyiko huoza hata kwenye mboji ya nyumbani.

*Bei na soko.* Ni ghali kuliko nailoni ya kawaida, lakini upo mlango ambao sheria yenyewe imeufungua. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitangaza kwamba taka za kuoza, za majumbani, maofisini hadi kwenye sherehe, zitenganishwe na ziwekwe kwenye mifuko inayooza kabisa, na ikatoa siku 90. Utekelezaji ni jambo la kila mtu kujionea mtaani kwake. Hata hivyo jikoni za hoteli za Nyali, Bamburi na Diani zinatoa maganda na makombo kila siku ya Mungu, na meneja anayeogopa ukaguzi ni mteja wa kweli. Nikilazimishwa kusema wapi mpishi mdogo wa pwani anaweza kujipenyeza, ningesema kwenye mfuko huu wa makombo, na si kwenye kikombe.

*Anayefaa.* Mwenye mashine ya kupuliza mifuko na mkataba wa hoteli tatu nne mkononi kabla hajanunua gunia la kwanza.

(Watu huniuliza pia kuhusu mwani wa Kibuyuni, kule Kwale. Shiti yake huyeyuka majini. Kwa vifuko vya unga wa kinywaji ni jambo zuri, kwa samaki wa barafu ni kichekesho.)

PHA

Mfaransa Maurice Lemoigne aliiona ndani ya bakteria mwaka 1926, na karibu miaka mia baadaye bado inatafuta faida. Malighafi ni sukari au mafuta ya mimea. Mashine za kawaida zinaikubali kwa uangalifu, kwani huungua haraka. Joto inalivumilia kuliko PLA, na huoza hata baharini, jambo ambalo kwa mji wetu lingekuwa neema. Bei ndiyo inayoiua: mara nyingi ni mara nne ya polietilini au zaidi. Kiwanda cha Metabolix na ADM kule Clinton, Iowa, cha uwezo wa tani 50,000, kilivunjiwa ubia wake mwaka 2012. Danimer ya Georgia, Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Machi 2025. Inamfaa mwenye bidhaa ndogo ya bei kubwa ambayo lazima ipotee baharini, kwa mfano vifaa vya kupandia mikoko au vya uvuvi. Wengine wasubiri.

Nyuzi za mkonge na makumbi ya nazi

Hili si plastiki ya mmea kwa maana kamili. Unachukua polipropilini au polietilini, hata iliyorejelezwa, na kuichanganya na nyuzi fupi. Nimeliingiza kwa sababu ndilo chaguo pekee ambalo malighafi ya mmea iko hapa tayari na hailiwi na mtu. Mashamba ya Vipingo hutoa mkonge, na nyuzi fupi zisizofaa kamba huwa rahisi. Makumbi ya nazi Kilifi mengi yanaishia kuwa kuni.

Mashine zinakubali, kwa masharti: nyuzi zikauke kwanza, joto lisipite nyuzi 200 hivi la sivyo zinaungua, na skrubu italika mapema. Bidhaa hutoka rangi ya udongo yenye mabaka, kwa hiyo sahau vyombo vya mezani. Fikiria vyungu vya maua, paleti, mbao za uzio, trei za miche. Jua na joto inavumilia vizuri, unyevu huingia kidogo kwenye ncha zilizokatwa. Mwisho wake ni udhaifu: haiozi, na kuirejeleza mara ya pili si rahisi, kwa hiyo tengeneza vitu vya kudumu miaka, usitengeneze vya kutupa. Bei inaweza kuwa sawa na plastiki tupu au chini, kutegemea unavyopata nyuzi. Hakuna jingine katika orodha hii linaloweza kusema hivyo.

Sheria, kwa ufupi

Katazo la mifuko ya plastiki lililoanza 28 Agosti 2017 lina faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Usidhani neno "mmea" kwenye mfuko wa kubebea ni kinga. Pata jibu la NEMA kwa maandishi, kwa bidhaa yako mahususi, kabla mashine haijawashwa. Tangu 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja zimekatazwa kwenye fukwe, mbuga na misitu iliyohifadhiwa. Na kanuni za 2024 za wajibu wa mzalishaji zinamtaka anayetengeneza au kuagiza ashughulikie pia mwisho wa bidhaa yake. Weka gharama hiyo kwenye bei tangu siku ya kwanza.

Basi wewe uko wapi?

Una mashine za kalibu, wateja wa humu nchini, na mtaji mdogo: jaribu nyuzi kwanza. Gunia mbili za mkonge mfupi na wiki moja ya majaribio zitakuambia mengi kuliko semina.

Unafungasha bidhaa za kwenda nje na mnunuzi anakuuliza kaboni: polietilini ya miwa, pamoja na karatasi ya kaboni 14. Usijaribu kumuuzia pia hadithi ya kuoza.

Unapuliza mifuko na una hoteli zilizo tayari kusaini: wanga wa muhogo, kwa kuanza na resini iliyochanganywa tayari kutoka nje. Kinu chako cha wanga kije baada ya mwaka mmoja wa mauzo, na kiwe Kilifi au Kwale, si mjini.

Una mtaji mkubwa na unatazama Dongo Kundu, ambako kodi ya kampuni katika eneo maalumu la kiuchumi ni asilimia 10 kwa miaka kumi ya mwanzo: nafuu ya kodi haitakupa sukari. Kabla ya kuzungumza na wahandisi, zungumza na anayeweza kukusainia mkataba wa malighafi wa miaka mitano kwa bei inayojulikana.

Na kama wewe ni mwenye mgahawa tu, umesoma yote haya kwa sababu muuzaji amekuletea sampuli ya kikombe kinachong'aa, mimina chai ya rangi ya moto ndani yake mbele ya macho yake, hesabu hadi thelathini.